Theluji ya Wainuit: hesabu ya maneno na kazi ya maneno

Waheshimiwa walimu, wanakamusi, wanafunzi wa isimu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie swali linaloulizwa karibu katika kila darasa la isimu, mara nyingi juma la kwanza kabisa: Wainuit wana maneno mangapi ya theluji? Majibu yanayotembea mitaani ni mengi. Wako wanaosema 50, wako wanaosema 100, wengine 200. Mwaka 1984 tahariri ya gazeti la New York Times ilitaja 100. Namba hizi husafiri peke yake, bila orodha ya maneno nyuma yake. Msimamo wangu, na nitautetea kwa maneno yenyewe, ni kwamba namba ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika habari hii. Uzito uko katika kile ambacho kila neno linamwambia mtu afanye: akanyage au apite mbali, akate tofali au asogee mbele, ajaze sufuria au akatafute pengine.

Kwanza tuwajue wenye maneno. Wainuit wanaishi kuanzia kaskazini mwa Alaska, kupitia Aktiki yote ya Kanada, hadi Grinlandi. Lugha zao ni mnyororo wa lahaja: Kiinupiaq cha Alaska, Kiinuvialuktun cha magharibi mwa Aktiki ya Kanada, Kiinuktitut cha Nunavut na Nunavik, maeneo ya Wainuit mashariki mwa Aktiki ya Kanada, na Kikalaallisut cha Grinlandi. Mtu humwelewa jirani yake, lakini wa mwisho wa huku na wa mwisho wa kule hawaelewani. Kikalaallisut kina wasemaji karibu 50,000, na tangu mwaka 2009 ndicho lugha rasmi pekee ya Grinlandi. Kanada ina wasemaji karibu 40,000. Wayupik wa kusini-magharibi mwa Alaska ni ndugu zao, ila lugha zao ni tawi jingine. Jina Eskimo lililozoeleka katika vitabu vyetu vya shule liliwakusanya wote hao kwenye kapu moja. Wainuit wengi wa Kanada na Grinlandi huliona ni la dharau, na katika maandishi yetu mapya tuliache.

Sasa chanzo cha hadithi. Mwanaanthropolojia Franz Boas alikaa Kisiwa cha Baffin mwaka 1883 na 1884, akasafiri na Wainuit kwa sleji, gari lisilo na magurudumu linaloburutwa na mbwa juu ya theluji, na kuchora ramani za pwani. Mwaka 1911, katika utangulizi wa kitabu kikubwa cha lugha za wenyeji wa Amerika, alitoa mfano wa maneno manne: aput, theluji iliyolala ardhini, qana, theluji inayoanguka, piqsirpoq, theluji inayopeperushwa na upepo, na qimuqsuq, tuta la theluji. Manne tu. Na hakuyatoa ili kuonyesha maajabu ya Wainuit. Alikuwa akieleza kwamba kila lugha huchagua mahali pa kuweka mizizi inayojitegemea, na sentensi chache kabla ya hapo alionyesha jinsi Kiingereza kinavyofanya hivyohivyo kwa maji: ziwa, mto, kijito, mvua, umande, wimbi, povu, kila kimoja na mzizi wake.

Mwaka 1940 Benjamin Lee Whorf, aliyekuwa mkaguzi wa hatari za moto katika kampuni ya bima na mwanaisimu kwa upande mwingine wa maisha yake, aliandika makala kwa wasomaji wa kawaida akataja aina kama tano za theluji. Hakuandika hata neno moja la Kiinuit. Kutoka hapo vitabu vya kiada vikanukuu vitabu vya kiada, na kila mkono ulioipokea namba uliiongeza. Mwanaanthropolojia Laura Martin aliufuatilia mnyororo huo na kuuchapisha mwaka 1986 katika jarida la American Anthropologist. Miaka michache baadaye mwanaisimu Geoffrey Pullum akaandika kwa ukali zaidi kwamba yote ni ulaghai mtupu wa kitaaluma.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika upande wa pili. Wasomaji wengi walitoka kwa Pullum wakiamini kwamba Wainuit wana maneno mawili matatu tu, na kwamba hakuna cha kujifunza. Watafiti Igor Krupnik na Ludger Müller-Wille walirudi kwenye daftari na kamusi, wakachapisha mwaka 2010 kwamba Boas mwenyewe alikuwa amekusanya msamiati mpana kuliko ule mfano wa maneno manne, na kwamba katika lahaja ya Nunavik peke yake maneno ya theluji yanafika angalau 53. Kwa hiyo anayefundisha leo kwamba ni uongo wote anakosea kama yule anayefundisha 400.

Mbona watu makini wanapishana hivyo? Kwa sababu hesabu inategemea maamuzi ambayo aghalabu hayatajwi.

Uamuzi wa kwanza ni neno ni kitu gani. Kiinuktitut hujenga neno kwa kupachika viambishi nyuma ya mzizi. Qanniqtuq ni theluji inaanguka. Qannilauqtuq, ilianguka. Qanniniaqtuq, itaanguka. Qanninngittuq, haianguki. Ukihesabu maumbo yanayoweza kujengwa hivyo kutoka mzizi mmoja utafika mamia kabla hujatoka kwenye mzizi wa pili, na utafika mamia hayohayo kwa samaki, kwa mbwa, kwa kiatu. Sisi tunaosema hatutawapikia kwa pumzi moja hatuhitaji maelezo marefu. Hakuna mwanakamusi wa Kiswahili anayeandika anapika, alipika na hatapika kama vidahizo vitatu. Kinachohesabika ni kidahizo, yaani mzizi, au mzizi pamoja na kiambishi ambao maana yake imeshatulia na haiwezi kukisiwa kwa kuunganisha vipande.

Kigezo hicho cha mwisho kina meno. Kuna kiambishi -ksaq, ambacho Nunavik hutamkwa -tsaq au -saq, chenye maana ya kitu cha kutengenezea. Annuraaq ni vazi, na annuraaksaq ni kitambaa cha kushonea. Iglu ni nyumba, na igluksaq ni kifaa cha kujengea nyumba. Orodha nyingi za theluji zina igluksaq kama neno la theluji ya kujengea. Porini, mbele ya theluji, ndivyo linavyoeleweka. Mjini, mbele ya mbao na misumari, igluksaq ni mbao na misumari. Je, ni neno la theluji? Mimi siliandiki kwenye orodha ya mizizi ya theluji. Ninaliandika kwenye orodha ya matumizi, na chini yake naeleza ni theluji ipi inayostahili jina hilo.

Uamuzi wa pili ni mpaka wa theluji yenyewe. Je, sakitu, yaani mvuke ulioganda juu ya vitu, ni theluji? Theluji iliyoganda ikawa barafu? Dhoruba, ambayo ni upepo uliobeba theluji? Hapa mnazi wetu wa pwani unasaidia. Kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi: hayo ni majina ya tunda moja kwa umri wake, na kila mtu atayahesabu. Lakini mbata je? Na tui, na chicha, na kifuu, na kumbi? Mtu mmoja atasema Kiswahili kina maneno matano ya nazi, mwingine atasema kumi na zaidi, na wote wawili watakuwa na orodha halali mkononi. Tena mtoto aliyelelewa mbali na minazi huenda akajua nazi na dafu tu, na haliwi kosa la lugha.

Uamuzi wa tatu ndio unaovunjwa mara nyingi zaidi: lahaja ipi, mahali gani. Chukua aniu. Kwa Wayupik wasemao lugha iitwayo Kiyupik cha Alaska ya kati, aniu ni theluji iliyo ardhini, kwa ujumla wake. Katika Kiinuktitut cha mashariki aniu ni theluji ya kuyeyusha upate maji ya kunywa. Anayechota neno moja Alaska, moja Baffin na moja Grinlandi, kisha akajumlisha, amejumlisha majina ambayo hakuna mtu mmoja anayeyatumia yote. Mwanaisimu Anthony Woodbury alifanya kazi safi mwaka 1991: akachukua lugha moja tu, Kiyupik cha Alaska ya kati, na kamusi moja tu, akahesabu vidahizo, akapata karibu 15. Humo mna qanuk, chembe ya theluji. Muruaneq, theluji laini yenye kina. Utvak, theluji iliyokatwa tofali. Na navcaq, ukingo wa theluji unaoning'inia ukitishia kuporomoka. Kazi hiyo unaweza kuikagua mstari kwa mstari. Ndiyo aina ya namba ninayoikubali.

Sasa tuingie kwenye maneno yenyewe, na nitayapanga kwa kazi. Nitatumia zaidi maumbo ya Kiinuktitut cha Nunavik na Baffin. Herufi q hutamkwa nyuma kabisa ya ulimi, pale pale inapotoka qaf ya Kiarabu, kwa hiyo waliopita madrasa hawatapata taabu.

Tuanze na maji, kwa sababu katika nchi ambayo kila kitu kimeganda, maji ya kunywa ndiyo kazi ya kila siku. Theluji mpya iliyotua bila upepo ina uzito wa kilo 50 hadi 100 kwa mita moja ya ujazo. Maana yake lita moja ya maji inahitaji lita 10 hadi 20 za theluji hiyo. Theluji iliyopigwa na upepo hufika kilo 300 hadi 400, hivyo lita tatu hivi zinatosha. Nishati ya kuyeyusha kilo moja ni ileile kwa zote, kilojuli 334, ila theluji nyepesi imejaa hewa, na hewa huzuia joto lisipande. Kosa la mgeni ni kujaza sufuria theluji laini kavu na kuiweka motoni. Tone la kwanza linaloyeyuka hufyonzwa na theluji iliyo juu yake, chini panabaki pakavu, sufuria inaungua na maji yanatoka na ladha ya moshi. Dawa yake ni kutanguliza maji kidogo chini, kisha kuongeza theluji kidogokidogo. Aniu ndiyo theluji iliyoteuliwa kwa kazi hii: safi, iliyoshikana, yenye maji mengi kwa kila kipande. Bora zaidi ni nilak, barafu ya maji baridi kutoka ziwani au mtoni, kwani lita moja na kidogo ya barafu hiyo hutoa lita moja ya maji. Siku, barafu ya bahari, ikiwa mpya ina chumvi na haifai.

Kazi ya pili ni nyumba. Nyumba ya theluji haijengwi kwa theluji yoyote. Inatakiwa theluji ya dhoruba moja, iliyopigwa na upepo mpaka ikashikana, isiyo na tabaka. Upepo huvunja chembe kuwa vipande vidogo, huvibananisha, na baada ya saa kadhaa vipande hivyo huungana kwenye sehemu vinapogusana. Ndiyo sababu theluji hiyo hubeba uzito wake yenyewe ikikatwa. Mjenzi huanza kwa kukanyaga: kiatu kiache alama iliyo wazi bila kuzama. Kisha huchomeka ufito mrefu mwembamba. Ufito ukishuka kwa nguvu ileile kutoka juu hadi chini, theluji inafaa. Ukigonga ugumu ghafla, pana ukoko katikati. Ukidondoka ghafla, pana tabaka dhaifu. Tofali lililokatwa hapo litapasuka kwenye mshono huo, ama mkononi au, vibaya zaidi, likiwa tayari ukutani.

Tofali huwa na urefu wa sentimita 60 hadi 100, kimo cha 40 hadi 50, na unene wa 15 hadi 20. Hukatwa ndani ya duara la nyumba yenyewe, ili shimo linalobaki liwe sehemu ya sakafu na kupunguza kimo cha kuta zinazohitajika. Mstari wa kwanza ukishapangwa, sehemu yake hukatwa mteremko, na kuanzia hapo matofali hupanda kwa kuzunguka mfululizo. Hii si mapambo. Katika mzunguko kila tofali jipya huegemea lililo ubavuni mwake na lililo chini yake, kwa hiyo halihitaji kushikiliwa na mtu hadi duara lifungwe. Kila tofali huinamishwa ndani kidogo zaidi ya lililopita. Kuba nzuri hupanda wima zaidi kuliko nusu tufe. Ukiifanya bapa, katikati hubonyea siku ya pili au ya tatu. Nyufa huzibwa kwa theluji laini, mlango huwekwa chini kuliko kitanda ili hewa baridi, iliyo nzito, ibaki chini, na juu huachwa tundu la hewa linaloitwa qingaq, yaani pua. Qulliq, taa ya mafuta ya sili, ikiwaka ndani, tundu hilo likizibwa na theluji au sakitu hewa huchafuka na watu wanaweza kufa usingizini. Huo ndio ukaguzi wa kwanza wa asubuhi na wa mwisho wa usiku.

Theluji inayoharibu kazi hii ina jina lake: pukak. Naomba tukae hapa kidogo, maana pukak ni neno lililotoka kwa wawindaji likaingia maabara. Ardhi chini ya theluji huwa na joto kuliko hewa ya juu. Hewa ikiwa nyuzi 40 chini ya sifuri, ardhi yaweza kuwa nyuzi chache tu chini ya sifuri. Tofauti hiyo ikizidi takriban nyuzi 10 kwa kila mita ya kina, mvuke hutoka kwenye chembe za chini, hupanda, na kuganda upya juu yake kama fuwele kubwa zenye pembe, zisizoshikana. Baada ya majuma kadhaa tabaka la chini lote hugeuka kuwa chembe kavu zinazomwagika ukizichota. Hiyo ndiyo pukak. Haikatiki tofali, na mteremko wenye pukak chini na theluji nzito juu ni mteremko unaoweza kuporomoka. Lakini kwa maji ni nzuri, kwani chembe zake huingia sufuriani bila hewa nyingi. Neno lilelile linakukataza jambo moja na kukuruhusu jingine.

Mwanaikolojia William Pruitt, aliyefanya kazi Alaska na Kanada katika karne ya 20, aliona kwamba sayansi haikuwa na istilahi fupi za mambo haya, akachukua maneno ya Kiinupiaq: api kwa theluji iliyotanda ardhini msituni, qali kwa theluji iliyokaa juu ya matawi, qamaniq kwa shimo linalobaki kuzunguka shina la mti, upsik kwa theluji iliyoshindiliwa na upepo, na pukak kwa tabaka la chini. Katika pukak panya wadogo na kirukanjia hupitisha majira yote ya baridi, wakichimba njia zao kwenye joto la karibu na sifuri huku juu kukiwa na baridi ya kuua. Hadi leo watafiti wa ikolojia ya theluji huandika pukak katika makala zao.

Kazi ya tatu ni safari. Hapa maneno mengi yamejengwa juu ya kile kinachompata mguu. Maujaq ni theluji laini yenye kina, inayozamisha: mbwa huogelea humo badala ya kukimbia, na sleji huburuza tumbo. Katakartanaq ni theluji yenye ukoko mgumu juu ambao hukubeba nusu hatua kisha ukakuangusha, na jina lenyewe limetoka kwenye kudondoka. Inachosha kuliko maujaq, kwa sababu kila hatua ni kupanda na kuanguka, na kingo za ukoko huwakata mbwa miguu. Mannguq ni theluji inayoyeyuka, na masak ni theluji iliyolowa, adui wa viatu vya ngozi. Qiqumaaq ni theluji ya masika iliyoyeyuka mchana ikaganda juu usiku. Ndiyo barabara bora ya mwaka mzima, mradi usafiri usiku na kupiga kambi jua linapopanda. Atakayechelewa kuondoka kwa saa tatu ataikuta imerudi kuwa mannguq.

Sleji nayo ina theluji yake. Nyayo za sleji za zamani, yaani pao mbili za chini zinazoteleza, zilipakwa udongo wa kinamasi uliochanganywa na maji ya moto ukawa uji mzito, ukaachwa ugande, ukachongwa ukawa laini, kisha ukapakwa maji tabaka jembamba kwa kipande cha ngozi chenye manyoya. Matsaaruti ni theluji iliyolowa inayofaa kupakwa kwenye nyayo hizo zipate ganda la barafu. Ganda likiwa nene hupasuka kwenye jiwe la kwanza. Likiwa jembamba mno hukwanguka kabla ya mchana. Na masika yakifika, udongo mweusi hufyonza jua na kuyeyuka ukiwa njiani, ndiyo maana sleji iliyosimama hugeuzwa au hufunikwa.

Juu ya njia yenyewe, neno ninaloliheshimu kuliko yote ni uqaluraq. Limetoka kwenye uqaq, ulimi. Karibu na Igloolik, Nunavut, upepo unaotawala majira ya baridi ni uangnaq, utokao magharibi-kaskazini-magharibi. Upepo huo huchonga theluji ngumu kuwa matuta madogo yenye ncha ya ulimi, na ncha hutazama kule upepo unakotoka. Pepo nyingine huja na kuondoka, huacha theluji laini juu, lakini uqalurait, huo ndio wingi wake, ni ngumu na hubaki zimeelekea upande uleule. Msafiri anayejua kwamba njia yake inazikata kwa pembe fulani anaweza kwenda gizani au ndani ya ukungu, akihisi pembe hiyo kwa mguu au kwa mtikisiko wa sleji. Ataziangalia hasa wakati wa natiruviktuq, theluji inayokimbia chini chini juu ya ardhi, jina lililotoka kwenye natiq, sakafu. Hali hiyo humficha mtu miguu na kumwachia anga. Piqsiq ni jambo jingine, theluji iliyoinuliwa hadi kufunika kila kitu, na hapo safari husimama.

Theluji juu ya barafu ya bahari ndiyo inayoua wageni wengi. Theluji hupitisha joto kidogo kuliko barafu, karibu mara saba hadi kumi. Mahali palipofunikwa mapema na theluji nene, barafu ya chini hukua polepole na hubaki nyembamba, na theluji hiyohiyo huificha macho. Ikizidi uzito huisukuma barafu chini ya maji, maji ya bahari hupenya juu, na katikati hutokea tope la baridi lisiloonekana. Kwa hiyo msamiati wa barafu huenda sambamba na wa theluji: sikuaq, utando mwembamba wa kwanza, tuvaq, barafu iliyoshikamana na pwani, sinaaq, ukingo wake unaopakana na maji, ivuniq, matuta ya barafu iliyogongana, aukkarniq, mahali ambapo mkondo huila barafu kwa chini. Mwindaji hupiga kwa tuuq, fimbo ndefu yenye ncha ya patasi, kila hatua anapokuwa na shaka.

Ndugu wanakamusi, nije kwenu. Msamiati wa namna hii hukusanywaje bila kuuharibu? Njia inayoharibu ni kuketi chumbani majira ya joto na orodha ya Kiingereza, ukiuliza, mnasemaje theluji laini, mnasemaje theluji nzito. Msemaji mwungwana atakujengea tungo kwa kila swali, na utarudi nyumbani na vidahizo ambavyo hakuna anayevitumia. Nenda msimu wenyewe ukifika, fuata kazi. Anayetafuta maji anachota nini na anaacha nini? Anayejenga anasogea mbele kwa nini? Andika neno, jina la kijiji, mwezi, na umri wa msemaji kwa makadirio.

Kisha pima ile theluji. Vifaa havina gharama kubwa. Chombo cha lita moja na mzani wa jikoni vinatosha: gramu ulizosoma kwa lita ndizo kilo kwa mita ya ujazo. Chimba shimo hadi ardhini, upande usiopigwa na jua, soma kipimajoto kila sentimita 10. Ugumu hupimwa kwa mkono, na utaratibu huu umo katika uainishaji wa kimataifa wa theluji uliochapishwa na UNESCO mwaka 2009: kama ngumi inaingia kwa kusukuma taratibu, theluji ni laini sana, ikikataa, jaribu vidole vinne, kisha kidole kimoja, kisha penseli, kisha kisu. Kikataacho hata kisu ni barafu. Tazama chembe kwa kioo cha kukuzia juu ya kibao cheusi kilichopozwa, kwani kibao chenye joto la mkono huziyeyusha kabla hujaziona. Ukiwa na vipimo hivyo, pukak ya kijiji kimoja na pukak ya kijiji kingine zinaweza kulinganishwa, na utagundua mapema kama watu wanatumia jina moja kwa vitu viwili.

Usishangae ukikuta majina hayatoshi tena. Wazee wa Baker Lake, Nunavut, wameeleza kwamba pepo zimebadilika na theluji imekuwa ngumu mno kukatwa kwa kisu, hivyo kambi ya dharura ni vigumu kuijenga. Vijana wanaosafiri kwa pikipiki ya theluji hupita juu ya matabaka ambayo mtu wa miguu alikuwa akiyahesabu, na maneno ya unyayo hupungua kwao. Kwa upande mwingine, mwaka 2019 shirika la Arctic Eider Society la Sanikiluaq lilizindua programu ya simu iitwayo SIKU, ambamo wawindaji huweka picha ya barafu au theluji pamoja na jina lake katika lahaja ya mahali pale. Mwaka huohuo jumuiya ya kitaifa ya Wainuit wa Kanada, Inuit Tapiriit Kanatami, iliidhinisha mfumo mmoja wa kuandika kwa herufi za Kilatini, uitwao Inuktut Qaliujaaqpait. Kabla yake palikuwa na mifumo tisa ya maandishi. Kamusi za zamani zitabaki na tahajia zao, kwa hiyo utakuta qannik na qanik, aput na aputi. Kabla ya kuongeza kidahizo kipya, tamka mawili hayo kwa sauti mbele ya msemaji umuulize kama ni theluji mbili au waandishi wawili. Na katika vitabu vyetu vya Kiswahili q ibaki q, tusiigeuze k, kwa sababu katika lugha hizi k na q ni sauti mbili zinazotenganisha maana.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Maswali yaanze na wale waliokuja na orodha zao.